Kijana aliyezaliwa Kampala kawa meya wa New York kwa kura za wananchi. Sisi Mwanza meya wetu tunamsikia redioni. Kwa nini?

#1 MtotoWaMwaloni
Habari zenu wakuu.

Tangu mwaka jana nafuatilia habari za Zohran Mamdani. Kazaliwa Kampala mwaka 1991, ng'ambo tu ya ziwa letu hili, akaondoka na wazazi akiwa mdogo. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 70. Lakini kilichonigusa ni njia aliyopita. Juni 24, 2025 aliingia kwenye kura za maoni za chama chake cha Democratic, akambwaga Andrew Cuomo aliyewahi kuwa gavana wa jimbo zima. Novemba 4 akarudi kwa wananchi wote, akashinda tena. Januari 1, 2026 akaapa. Muuza matunda wa kule, kama ana uraia na kajiandikisha, kamshika meya wake kwenye karatasi.

Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni mwaka wa 9 sasa. Mwenyekiti wa mtaa huwa nampigia kura mwenyewe. Diwani nampigia. Mbunge nampigia. Rais nampigia. Ila meya wa Jiji, mtu anayeitwa Mstahiki, anayevaa joho na mkufu, namsikia redioni nikiwa nashona gunia: "Madiwani wamemchagua fulani kuwa meya." Sindano mkononi, nashangaa. Mimi nimeulizwa lini?

Wenye kujua sheria naomba mnieleweshe. Kwa nini mtu mkubwa kuliko wote mjini ndiye tusiyemchagua?

#2 Ngosha_Igoma
Mwangaluka mkuu. Uzi mzuri, naweka kambi hapa.

#3 KaraniMstaafu
Mleta uzi, swali lako ni zuri ila kuna kosa moja. Umesema uko Mwaloni. Mwaloni ni Kirumba, na Kirumba ni Ilemela. Tangu 2012 Ilemela ni manispaa yenye meya wake na baraza lake, makao yake Buswelu. Jiji la Mwanza kiutawala ni Nyamagana peke yake, kata 18: Pamba, Mirongo, Igogo, Mabatini, Butimba, Nyegezi, Buhongwa na nyingine. Ilemela ina kata 19. Kwa hiyo hata sheria ikibadilishwa kesho meya wa Jiji achaguliwe na wananchi, wewe hutampigia. Utampigia wa Ilemela.

Kuhusu sheria: ni ya mamlaka za miji, Na. 8 ya 1982. Meya anachaguliwa na wajumbe wa baraza kutoka miongoni mwa madiwani, kwa miaka 5. Naibu meya anachaguliwa kila mwaka. Wanaopiga kura ni madiwani wa kata, madiwani wa viti maalum, na wabunge wa eneo hilo.

#4 DadaWaKapripoint
Hahaha, mleta uzi miaka 9 unamlilia meya wa wenzako. 😂

#5 MtotoWaMwaloni
@KaraniMstaafu asante sana mzee, nimejifunza. Lakini unaona tatizo lilivyo? Miaka 9 nalipa ushuru na sikuwa nimeshika vizuri meya wangu ni yupi. Ningekuwa nimewahi kumwona kwenye karatasi ya kura nisingemsahau. Mwenyekiti wa mtaa wangu namjua mpaka mlango wake, kwa sababu nilisimama foleni juani Novemba 2024.

@DadaWaKapripoint cheka tu dada yangu, siku nikiwa na kura nitakupungia mkono.

#6 Bunju_hadi_Buhongwa
Mimi naona sababu ni ya kihistoria tu, hakuna njama. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, zile enzi za madaraka mikoani. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978, halafu ikaja sheria ya 1982. Walioandika walichukua mtindo wa Kiingereza waliokuwa wameuzoea: wananchi wanachagua diwani, madiwani wanachagua mwenyekiti wao. Uingereza yenyewe ndivyo miji ilivyokuwa. London ilipata meya wa kuchaguliwa na wananchi mwaka 2000, Ken Livingstone. Kwa hiyo sisi tumebaki na nguo waliyotuachia, wao wameshabadilisha.

#7 Ngosha_Igoma
@Bunju_hadi_Buhongwa historia nakubali, lakini nguo hiyo tungeivua zamani kama ingekuwa inawabana wakubwa. Inawapendeza ndiyo maana wanaivaa. Kumpata meya wa Jiji unahitaji kuwashawishi madiwani wasiofika 40. Kumpata kwa wananchi unahitaji kuwashawishi watu wa Nyamagana nzima, na sensa ya 2022 ilitukuta karibu laki 6. Wewe ungekuwa chama ungependa njia ipi?

#8 Wakili_wa_Mtaani
Wote mnaongelea siku ya baraza, lakini kura ya baraza ni hatua ya mwisho. Meya anapatikana kabla.

Mtiririko ni huu. Diwani anatafuta kwanza kura za maoni ndani ya chama kwenye kata yake. Kwa CCM, 2010 na 2015 walipiga wanachama wote wenye kadi. 2020 ikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa kata, ndipo ule msemo "wajumbe si watu" ulipoenea nchi nzima. 2025 idadi ya wajumbe ikapanuliwa sana, kura zikapigwa Agosti 4. Na matokeo ya kura za maoni si mwisho, vikao vya juu ndivyo vinavyorudisha jina. Ukipita, unakwenda uchaguzi mkuu. Ukishinda, unaomba umeya ndani ya chama: vikao vinachuja majina, madiwani wa chama wanapiga kura yao ya ndani, anapatikana mmoja. Ndipo baraza linakaa.

Sasa baraza likishajaa chama kimoja, ile kura ya ndani ya madiwani wa chama ndiyo uchaguzi wenyewe. Ya barazani ni kutia muhuri.

Na kule New York ni karibu hivyo hivyo! Mji wa Democratic ule. Miaka ya karibuni mtu akishapita kura za maoni za Democratic watu wanaanza kumwita meya. Tofauti ni nani anapiga hizo kura za maoni.

#9 Mzalendo_Nyegezi
@Wakili_wa_Mtaani hapo kwenye New York umekosea kidogo mkuu. Mwaka jana kura za maoni hazikumaliza kazi. Cuomo aliposhindwa Juni alirudi Novemba kama mgombea binafsi, akapata asilimia 41 hivi. Aliyekuwa meya, Eric Adams, naye ni Democratic, aliruka kura za maoni kabisa akaenda binafsi, akajitoa Septemba. Watu zaidi ya milioni 2 walijitokeza kupiga kura, haijawahi kufika hapo tangu 1969.

Sisi aliyekatwa hana pa kwenda. Mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Mtikila alilipigania hilo mpaka Mahakama ya Afrika, ikatoa hukumu Juni 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki, na mpaka leo bado. Ukikatwa unahama chama au unakaa kimya.

#10 Wakili_wa_Mtaani
@Mzalendo_Nyegezi sawa kabisa, nimepokea. Na nyongeza: kura za maoni zao hapigi kila mtu. Ni aliyejiandikisha kama mwanachama wa Democratic, na ukitaka kubadilisha chama unatakiwa uwe umebadilisha miezi kabla. Kwa hiyo na wao wana uzio. Ila ndani ya uzio mna watu zaidi ya milioni.

#11 Mama_Dagaa_Igombe
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ningependa mnieleze ule upigaji kura wao wa kupanga namba, 1, 2, 3. Mwanangu alinionesha kwenye simu nikaona ni sawa na kitu kilichotutokea kwenye kikundi chetu.

Tulikuwa akina mama 27. Tunachagua mweka hazina, wagombea 3. Tulipiga kwa punje: mahindi huyu, maharage huyu, karanga huyu, unatumbukiza kwenye kibuyu mgongo umewageuzia wenzako. Kumwaga: mahindi 11, maharage 9, karanga 7. Mwenyekiti akasema mahindi kashinda. Nikanyoosha mkono. Nikasema, jamani, huyu kapata 11, ina maana 16 hatukumtaka, na 16 ndio tulio wengi, hela yetu tunamkabidhi vipi? Palikuwa na kelele pale. Mwisho tukakubaliana wa karanga akae pembeni, turudie kwa wawili. Tukamwaga tena kwenye ungo: mahindi 12, maharage 15. Wa maharage amekaa na sanduku miaka 4, hajapoteza hata mia.

Je, ndiyo hiyo ya New York?

#12 Bunju_hadi_Buhongwa
Mama marahaba, samahani, shikamoo! Ndiyo hiyo hiyo, tofauti ni kwamba wao hawarudii. Kwenye karatasi moja mpiga kura anapanga mpaka majina 5: nikimkosa huyu, nipeni huyu, nikimkosa huyu, nipeni yule. Anayeshika mkia anaondolewa, kura zake zinakwenda kwa chaguo la pili la wale waliompigia. Inaendelea hivyo mpaka mmoja avuke nusu. Mamdani duru ya kwanza alikuwa na asilimia 43 na ushei, hajafika nusu. Walipoondoa wengine akafika 56 dhidi ya 44 za Cuomo. Punje za karanga zilihamia kwake.

Walipitisha utaratibu huo kwa kura ya wananchi 2019, wakauanza 2021. Unatumika kwenye kura za maoni na chaguzi ndogo tu, Novemba wanapiga kawaida.

#13 Mama_Dagaa_Igombe
Asante mwanangu, marahaba. Basi sisi tulitangulia.

#14 DadaWaKapripoint
Mama, hiyo ya kumwaga punje kwenye ungo kila mtu anaona imenifurahisha mno. Siku hizi matokeo yanasomwa kwenye karatasi iliyokunjwa tu.

#15 Nyakato_Viwandani
Niseme kitu kilichonikuta, chama sitakitaja na kata sitaitaja.

Marehemu baba yangu mdogo aligombea udiwani kwenye kura za maoni. Mwalimu mstaafu, amefundisha nusu ya wale wajumbe. Wiki ya mwisho watu walikuja nyumbani usiku, wawili wawili, wanakaa kwenye kochi, wanasifia chai. Mwisho mmoja anasema, "Mwalimu, wenzako wanatukumbuka." Baba mdogo akawajibu, "Na mimi nawakumbuka wote kwa majina." Hakuwa anajifanya haelewi, kweli alidhani wanaulizia kama anawakumbuka tangu darasani. Mama mdogo ndiye aliyemweleza baadaye jikoni. Alikaa muda mrefu hajasema kitu, halafu akasema, "Sina, na ningekuwa nayo nisingetoa."

Alipata kura 6. Kwenye foleni ya kumpongeza walisimama wajumbe zaidi ya 40, wanamshika mkono kwa mikono miwili.

Ndiyo maana mimi hoja ya kura za wananchi naiunga mkono kwa moyo wote. Wajumbe 100 utawapitia usiku mmoja mmoja. Watu laki kadhaa huwezi kuwanunulia hata soda.

#16 Ngosha_Igoma
@Nyakato_Viwandani pole sana kaka. Kura 6 za mwalimu ni nzito kuliko 200 za bahasha.

#17 MzeeWaRufiji
Mimi napingana na wengi humu. Nimeishi Mwanza tangu 1986. Shida si nani anamchagua meya, shida ni kwamba meya wetu hana kitu cha kufanya. Hebu hesabuni. Barabara za mitaa ni TARURA tangu 2017. Maji ni MWAUWASA. Umeme ni TANESCO. Polisi ni wa wizara. Kodi ya majengo mnaikata kwenye LUKU inakwenda juu. Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye mwenye kalamu ya malipo, anateuliwa na Rais. Meya anaongoza kikao cha baraza na Kamati ya Fedha, anapokea wageni, anafungua mashindano. Sasa mnataka laki za watu wasimame juani wamchague mtu wa kuongoza kikao?

Meya wa New York anateua mkuu wa polisi. Bajeti yake inazidi dola bilioni 100. Msilinganishe.

#18 Mzalendo_Nyegezi
Mzee shikamoo. Hata huyo wa New York hana kila kitu. Kaahidi mabasi ya bure, lakini mabasi yapo chini ya shirika linaloshikwa na gavana wa jimbo. Kaahidi kuwatoza matajiri kodi zaidi, hiyo nayo lazima bunge la jimbo na gavana wakubali. Cha kwake mwenyewe ni mambo kama kodi ya pango: yeye ndiye anayeteua bodi inayopanga kodi ya wapangaji kwenye zile nyumba zinazodhibitiwa ipande kiasi gani.

Lakini akibisha hodi kwa gavana anabisha akiwa na kura zaidi ya milioni 1 mgongoni. Meya wetu akibisha hodi TARURA ana nini mgongoni? Madiwani.

#19 Jirani_wa_Entebbe
Ninasoma kutoka Uganda, Kiswahili changu mnivumilie. Sisi Kampala tunachagua Lord Mayor sisi wenyewe. Erias Lukwago alishinda 2011. Lakini sheria mpya ya Kampala ya 2010 ilikuwa imeshaweka mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais, na yeye ndiye ana pesa na wafanyakazi. Wakagombana miaka. Novemba 2013 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa, ofisi ikafungwa. Watu wakamchagua tena 2016, tena 2021. Watu walimpenda, lakini kujaza mashimo ya barabara si kazi ya upendo. Kwa hiyo huyo mzee #17 ana maneno. Kura bila pesa ni kelele.

Na kijana Zohran tunamdai, ni wetu. 🙂

#20 MtotoWaMwaloni
Karibu sana jirani, Kiswahili chako kizuri. Zohran tugawane, ziwa ni moja.

Lakini hapo naona umenisaidia zaidi mimi kuliko mzee. Lukwago watu walimrudisha mara mbili baada ya kuondolewa. Hapa kwetu meya akiondolewa na madiwani, nani anaweza kumrudisha?

#21 KaraniMstaafu
Hilo la kuondolewa tunalo hapa hapa, vijana labda hamkumbuki. 2010 Mwanza iligeuka. Nyamagana Ezekiel Wenje wa Chadema alimshinda Lawrence Masha aliyekuwa waziri, Ilemela akapita Highness Kiwia. Meya wa Jiji akawa Josephat Manyerere wa Chadema. Mwaka 2012 baraza lile lile likamng'oa kwa kura ya kutokuwa na imani. Akaja Stanslaus Mabula wa CCM, ambaye 2015 alikwenda kuwa mbunge wa Nyamagana.

Mwananchi aliyepiga kura Oktoba 2010 alilala na meya wa chama kimoja, akaamka na meya wa chama kingine, na hakuna sanduku la kura lililofunguliwa mtaani. Simsemei yeyote hapa, nasema jinsi mfumo unavyofanya kazi. Dar es Salaam ilitokea vilevile: Isaya Mwita alichaguliwa Machi 2016 baada ya uchaguzi kuahirishwa mara kadhaa, akaondolewa Januari 2020.

#22 Bunju_hadi_Buhongwa
Na Arusha msiisahau. Ugomvi wa uchaguzi wa meya baada ya uchaguzi mkuu wa 2010: mbunge wa viti maalum kutoka Tanga aliruhusiwa kupiga kura Arusha. Januari 5, 2011 watu waliandamana na kuna waliopoteza maisha. Mzee #17 anasema meya hana kitu cha kufanya. Kama hana kitu, kwa nini vyama vinamgombania hivyo?

#23 MzeeWaRufiji
Marahaba wote mliosalimia. @Bunju_hadi_Buhongwa vinamgombania kwa sababu ya viwanja na zabuni. Kamati ya Fedha inaona karatasi kabla ya wengine. Hilo silikatai. Lakini hiyo si kazi ya wananchi kunufaika nayo.

#24 Ngosha_Igoma
Mzee umejijibu mwenyewe hapo! Kama anaona karatasi za zabuni kabla ya wengine, basi tunamhitaji mtu tunayemjua.

#25 Rafiki_Kisumu
Hamjambo ndugu. Sisi huku Kisumu tuliwahi kuwa na mameya kama nyinyi, wakichaguliwa na madiwani. Grace Onyango alikuwa meya wetu 1965, mwanamke Mwafrika wa kwanza Kenya kuwa meya. Katiba ya 2010 ikaondoa umeya. Siku hizi tuna gavana wa kaunti tunayemchagua wenyewe, na jiji lina meneja na bodi. Kwa hiyo gavana tunampigia kura, lakini mtu wa jiji hasa hatumpigii. Kama taka hazijazolewa Kibuye, unamlaumu gavana ambaye ana kaunti nzima, mpaka mashamba ya mpunga ya Ahero.

Na kwetu, chama kikiwa na ngome, kura ya mchujo ndiyo kila kitu. Uchaguzi mkuu unakuwa sherehe tu.

#26 DadaWaKapripoint
"Kura ya mchujo"! Hilo neno zuri kuliko letu. Sisi tunasema "kura za maoni" na kweli yanabaki kuwa maoni, maana vikao vinaweza kukata wa kwanza vikarudisha wa tatu.

#27 Wakili_wa_Mtaani
@DadaWaKapripoint umegusa penyewe. Mchujo ukichujwa umechujwa. Maoni yanasikilizwa au yanaachwa. Kwenye katiba ya chama ni halali, walioomba wanajua tangu mwanzo. Lakini wajumbe wanaumia, wanaona wamepoteza siku.

#28 Nyakato_Viwandani
Wajumbe waliokula za watu kuumia mimi siwaonei huruma.

#29 Mama_Dagaa_Igombe
@Nyakato_Viwandani mwanangu usiwachanganye wote. Mimi nilikuwa mjumbe wa kata mara moja. Tulikaa ukumbini tangu saa 2 asubuhi, jina linaitwa, unasimama, unapewa karatasi, unakwenda nyuma ya pazia la kitenge lililofungwa kwa kamba. Hata chai hatukupewa. Mikono ilikuwa inatetemeka, kwa sababu dada mmoja alikuwa mgombea na nilikuwa namwamini. Tulipiga tukampitisha. Kuna wajumbe wanaopiga kwa dhamiri, ila hao hawana habari ya kusimuliwa.

#30 Nyakato_Viwandani
Naomba radhi mama. Umesema kweli. Hata baba mdogo alipata 6.

#31 Mzalendo_Nyegezi
Kuna jambo bado halijasemwa: New York ilikuwa vipande, ikaunganishwa 1898 ikawa jiji moja lenye meya mmoja. Brooklyn ilikuwa jiji peke yake. Sisi tulikuwa jiji moja tangu 2000, 2012 tukagawanywa. Sasa mto Mirongo unapita, taka zinaingia ziwani, maji ya ziwa hayajui Nyamagana wala Ilemela. Stendi mpya moja iko Nyegezi kwetu, nyingine Nyamhongolo kwenu Ilemela. Nani anayekaa akalitazama jiji lote? Mkuu wa Mkoa, ambaye naye anateuliwa. Kwa hiyo swali la nani anamchagua meya lina mwenzake: meya wa nini?

#32 KaraniMstaafu
Hapo nakuunga mkono kijana. Lakini usisahau kwa nini ziligawanywa. Zamani mtu wa Kayenze au Sangabuye alipanda gari mpaka mjini kwa ajili ya muhuri. Leo anakwenda Buswelu. Huduma ilisogea.

#33 Mzalendo_Nyegezi
Muhuri ulisogea mzee. Maamuzi sina hakika.

#34 Ngosha_Igoma
Na gharama? Maana kuna watakaosema meya wa kuchaguliwa na wananchi ni gharama.

#35 Bunju_hadi_Buhongwa
Gharama ni karatasi moja zaidi siku ile ile. Tayari tunapewa 3: rais, mbunge, diwani. Kituo kile kile, wino ule ule.

#36 Wakili_wa_Mtaani
Si gharama tu. Utapata meya wa chama A na baraza la chama B, bajeti haipiti. Kule New York baraza lina wajumbe 51 na linaweza kumkwamisha meya, ila wana utaratibu wa miaka mingi wa kukubaliana. Sisi tukiiga nusu tutapata ugomvi wa Kampala. Mimi ningeanza na mkurugenzi: awajibike kwa baraza kwanza. Halafu ndiyo tuzungumzie meya.

#37 MtotoWaMwaloni
Mimi ningeanza na meya, kwa sababu tukimchagua sisi ndiye atakayemdai mkurugenzi. Naona hapa hatutakubaliana leo wakuu, na sawa. Nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea.

Swali moja la mwisho. Vikao vya baraza, mtu kama mimi naruhusiwa kuingia?

#38 KaraniMstaafu
Unaruhusiwa kabisa. Mkutano wa baraza la madiwani ni wa wazi, hukaa kila robo mwaka. Tangazo hubandikwa kwenye ubao wa halmashauri. Unaingia, unaandika jina, unakaa viti vya nyuma, husemi, unasikiliza. Nimehudumu miaka mingi kwenye kumbi hizo, na viti vya nyuma nilikuwa navipanga asubuhi na kuvikunja jioni bila mtu kuvikalia, labda waandishi wawili watatu. Fika kabla ya saa 4. Na upande gari la Buswelu, si la mjini.

#39 MtotoWaMwaloni
Buswelu, nimeshika. Nitapita wiki hii kusoma ubao, tarehe nikiipata naiweka hapa.

#40 Mama_Dagaa_Igombe
Ukiipata niambie na mimi mwanangu. Igombe na sisi ni Ilemela. Nitakuja na wenzangu wa kikundi, tutakuwa kama 8, tutajaza mstari mmoja.

#41 MtotoWaMwaloni
Sawa mama. Nitawawahia viti.